Watoto wa Msitu katika Kitabu cha Bwana Turnbull

Kitabu The Forest People cha Mwingereza Colin Turnbull kilitolewa mwaka 1961, na mpaka leo wengi huwajua Wambuti wa Ituri kwa njia yake tu. Sisi wa Nyankunde chatugusa: wanakijiji wasimuliwao humo ni Wabira, ndugu za Wabira wa hapa, na Epulu yake iko mbele ya Komanda na Mambasa.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba mwandishi amewatazama watoto. Aonyesha bopi, kiwanja chao karibu na kambi, ambapo wapanda miti na kuigiza kuwinda na kupika. Hakuna asemaye "leo tunafundisha", na hata hivyo wafundishwa kutwa. Mwalimu aliyemwita mtoto wa Kimbuti mjinga kwa sababu hakai kimya juu ya benchi, asome kurasa hizo mara mbili.

Lakini juu ya nkumbi, jando la Wabira, sikubaliani naye. Vijana wa Kibira na wa Kimbuti waliingia jando moja. Bwana Turnbull aona Wambuti wakivunja miiko mara wanakijiji wakiondoka, tena kwao msituni bado wahesabiwa watoto mpaka wamwue mnyama wa kweli; basi akata neno kwamba kwao yalikuwa ya juu juu tu. Msitu kwake ni mwema, kijiji ni hila. Mimi nasema: pamoja walikwisha kukaa, tena zamani kabla ya sheria ya tarehe 15 Julai 2022 juu ya haki za Wambilikimo.

Kitabu chenyewe chamkanusha. Kenge, rafiki yake, alipopelekwa nyikani aliwadhania nyati wa mbali kuwa wadudu. Muda si mrefu alikiri kwamba hata huko ni mahali pema. Na msitu hakuuacha.

Wako wasemao hata leo, "Waacheni msituni, shule si yao." Sivyo. Kule Kamerun shule za misheni zimewafundisha watoto wa Kibaka kwa utaratibu wa ORA, yaani kutazama, kufikiri, kutenda. Kwetu, shule ya msingi ya serikali haina ada tangu 2019, lakini asali huiva katikati ya mwaka, karibu na mitihani, na kambi nzima huifuata. Bwana Turnbull aliyajua majira hayo kuliko wakaguzi wengi. Ni miezi gani shule ingewangoja watoto hao? Hilo halimo kitabuni.