Balagha ya Mstari Ulionyooka: Tahakiki ya Ufundishaji wa Insha ya Kitaaluma ya Kiingereza kwa Wanafunzi Wanaozungumza Kiswahili

Mwaka 1966 Robert B. Kaplan alichapisha katika jarida la Language Learning makala yaliyokuja kutawala, kwa kupendwa na kwa kupingwa, mjadala wa kuwafundisha wageni uandishi wa insha ya Kiingereza. Humo alichora michoro mitano ya namna aya inavyojengwa. Kiingereza alikichora kama mstari ulionyooka. Lugha za Kisemiti kama mistari inayokwenda sambamba. Lugha alizoziita za Mashariki kama duara linalojiviringa kuelekea ndani. Lugha zenye asili ya Kilatini na Kirusi kama mistari inayokengeuka. Lugha za Kibantu hazimo katika michoro hiyo. Hata hivyo, tuhuma ya duara imepata makao katika madarasa yetu: mwanafunzi wa kiwango cha kati anapoandika insha ya Kiingereza isiyo na hoja kuu, huambiwa kwamba anafikiri kwa Kiswahili, na kwamba Kiswahili hakifiki haraka penye jambo. Makala haya yanaikataa tuhuma hiyo.

Kasoro yake ya kwanza ni ya kimbinu. Kaplan alisoma insha za Kiingereza zilizoandikwa na wanafunzi wageni, kisha akatoa hukumu juu ya lugha zao za kwanza. Mwenyewe alikuja kukiri, katika makala ya mwaka 1987, kwamba alikuwa ametia chumvi. Anayetaka kujua namna Kiswahili kinavyojenga hoja hana budi kukisoma Kiswahili. Na akikisoma hatakosa matini. Neno lenyewe insha limetoka katika Kiarabu, likiwa na maana ya kuanzisha na kutunga, na Shaaban Robert alikwisha kutoa Kielezo cha Insha mwaka 1954 kupitia matbaa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Utanzu huu haukuja na kozi za stadi za mawasiliano za vyuo vikuu.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo hudhihirika tukiitazama insha ya shuleni kwa makini. Tuchukue swali la kubuni, lakini la aina inayofahamika na kila mwalimu: jadili athari za simu za mkononi kwa wanafunzi. Mwanafunzi ataanza kwa kueleza maana ya simu ya mkononi, jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Atafuatia na faida tatu, kisha hasara tatu, kila moja katika aya yake, na kuhitimisha kwamba simu ina faida na hasara, hivyo itumiwe vizuri. Ataandika hivyo kwa Kiswahili, na ataandika hivyo hivyo kwa Kiingereza. Wapi basi duara la Kibantu? Hii ni insha ya mtihani, ambamo msahihishaji huhesabu hoja. Ile insha ya Kiingereza ya aya tano, yenye utangulizi, aya tatu za kati na hitimisho linalorudia utangulizi, ni pacha wake. Mwanafunzi hakushindwa kuhama kutoka balagha moja kwenda nyingine. Amehamisha kwa uaminifu kile alichofundishwa. Alichokosa katika lugha zote mbili ni dai, yaani kauli ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuipinga.

Nchini Kenya, ambako insha ina karatasi yake katika mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne, hali si tofauti sana. Mtahiniwa akipewa methali huombwa kuitungia kisa. Zoezi hilo ni zuri kwa sanaa ya masimulizi, ila kisa hakidai kitu.

Hasara inayotokana na tuhuma hii huonekana wazi katika ngazi ya sentensi. Mwalimu wa Kiingereza hufundisha vitenzi visaidizi vya uwezekano kama sura ya sarufi, mwanafunzi akajaza nafasi zilizoachwa wazi, akapata alama zote. Kisha katika insha akaandika kwamba simu zitaharibu elimu, bila kusita. Ilhali mwanafunzi huyo huyo, akizungumza Kiswahili, hutofautisha bila taabu kati ya bila shaka, yamkini, huenda na sidhani. Anajua kuupima uzito wa kauli yake. Ndivyo ilivyo pia kwa vitenzi vya kunukulia. Katika Kiingereza chake kila mwandishi “anasema”; katika Kiswahili anajua kwamba anayedai hajathibitisha, anayekiri amebanwa, anayeshikilia amekwisha kupingwa, na anayedokeza hataki kushikwa. Ujuzi huu wa kuwaweka wasemaji mahali pao ndio moyo wa uandishi wa kitaaluma, na mwanafunzi huufikisha mlangoni pa darasa akaamriwa auache nje.

Nchini Tanzania amri hiyo ina umri. Mwanafunzi wa shule ya umma husoma msingi kwa Kiswahili, kisha hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia katika kidato cha kwanza, yaani katika umri uleule ambao angeanza kufundishwa kujenga hoja ndefu. Ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kuwawezesha kusomea masomo mengine. Sera ya mwaka 1995 ikakibakiza palepale, na ile ya mwaka 2014 ikafungua mlango kwa lugha zote mbili.

Watakaopinga watasema kwamba kila dakika ya Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza ni dakika iliyoibwa. Pingamizi hili lina nguvu katika kufundisha matamshi au msamiati. Katika kufundisha hoja halina, kwa kuwa kisichokuwapo hakiwezi kutafsiriwa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kwa wanafunzi wengi Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili baada ya Kisukuma, Kiha au Kidholuo. Ni kweli, lakini ni lugha ambayo tayari wanabishania.

Kinachopendekezwa hapa ni kidogo. Kabla ya kuandika neno la Kiingereza, mwanafunzi aandike dai lake kwa Kiswahili katika sentensi moja, mwenzake aandike chini yake sentensi ya kulipinga, naye ajibu. Rasimu ya kwanza ya Kiingereza isahihishwe kwa swali moja tu: je, dai lile bado limo? Upatanisho wa kiima na kitenzi usubiri rasimu ya pili.