Mke wa Darini Asimulia: Fani ya Wide Sargasso Sea

Hadithi za mashabiki, yaani zile ambazo msomaji huziandika kwa kuwachukua wahusika wa mwandishi mwingine na kuwapa maisha mapya, hudharauliwa kwa urahisi. Husemwa kuwa ni kazi ya vijana waliokipenda kitabu kupita kiasi, wakabaki kugombea nani aolewe na nani. Wide Sargasso Sea, riwaya ya Jean Rhys iliyotoka mwaka 1966, yatosha kuijibu dharau hiyo. Rhys, aliyezaliwa Roseau, Dominica, mwaka 1890 na kupelekwa Uingereza akiwa na miaka 16, alimchukua Bertha Mason wa Jane Eyre ya Charlotte Brontë (1847), mke mwendawazimu aliyefungiwa darini na ambaye Brontë hakumpa hata sura moja ya kujieleza. Akamwandikia utoto, ndoa na maangamizi. Kisa chenyewe tunaujua mwisho wake kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo nguvu ya riwaya hii lazima tuitafute katika fani: nani anasimulia, wapi ananyang'anywa usimulizi, na wapi anaurejesha.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kuielewa kazi ya namna hii. Katika takhmisi, mshairi huchukua vipande viwili vya mwenzake akatanguliza vitatu vyake, hata maneno ya asili yakabaki mahali pake lakini tukayafikia kwa njia nyingine. Ndivyo ilivyotungwa Takhmisi ya Liyongo. Rhys naye hagusi hatima aliyoiandika Brontë: jumba la Thornfield, alimofungiwa Bertha, litaungua, na mwanamke atajirusha kutoka paani. Yeye anatanguliza. Na kila anachokitanguliza kinaubadilisha uzito wa kile kinachofuata.

Jane Eyre ni riwaya ya ukuaji iliyojengwa kama ngazi. Jane anasimulia mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, na kila nyumba ni kidato: Gateshead, Lowood, Thornfield, Moor House, Ferndean. Kadiri anavyopanda ndivyo anavyozidi kumiliki jina lake, fedha zake na sauti yake. Rhys aliichukua ngazi hiyohiyo akamteremsha nayo Antoinette, kwani hilo ndilo jina la kwanza la yule tunayemjua kama Bertha. Naye anaanza kwa nafsi ya kwanza, mtoto katika shamba la Coulibri, Jamaica, baada ya sheria ya mwaka 1833 ya kukomesha utumwa. Hapa Rhys alisogeza kalenda. Katika Jane Eyre, Jane aliyekwisha kuwa mtu mzima anapewa Marmion, utenzi wa Walter Scott wa mwaka 1808, kama kitabu kipya. Kwa hesabu hiyo, utoto wa Bertha ungepaswa kuwa wa karne ya 18. Rhys aliusogeza mbele ili binti huyu akulie katika nyumba ya wamiliki wa watumwa waliofilisika, wanaochukiwa na waliokuwa watumwa wao na kudharauliwa na Wazungu wenye fedha.

Sentensi za sehemu hii ya kwanza ni fupi. Mtoto anaripoti, haelezi. Mama anamsukuma kando kwa utulivu ili amwelekee Pierre, mwanawe mgonjwa, na Antoinette halalamiki. Hapo ndipo pembetatu ya kwanza ya riwaya inapochorwa, miaka mingi kabla ya mwanamume yeyote kutokea. Binti huyu amejifunza mapema kwamba penzi ni kitu anachopewa mwingine mbele ya macho yako. Tunapomwona baadaye aking'ang'ania mume asiyempenda, hatuhitaji maelezo ya msimulizi, kwa kuwa umbo la mateso hayo tumekwisha kuliona.

Kisha sehemu ya pili inaanza, na bila kutangaziwa tunagundua kwamba anayesema “mimi” sasa ni mume. Rhys hampi jina hata mara moja. Sisi tunamjua kuwa ni Rochester, bwana wa Thornfield na mpenzi wa Jane, kwa sababu tumemsoma Brontë. Yeye ndiye anayepewa sehemu ndefu kuliko zote, na wasomaji wengine wameliona hilo kuwa kasoro katika kitabu kilichokusudiwa kumrudishia mwanamke sauti. Mimi naona ndiyo hoja yenyewe ya kitabu. Ndoa imempa mwanamume pauni 30,000 na mamlaka juu ya mali ya mkewe. Fani inatuonyesha kwamba amechukua na usimulizi. Katikati ya sehemu hiyo Antoinette anarudishiwa sauti kwa kurasa chache, anapopanda farasi kwenda kumwomba Christophine, mlezi wake, dawa ya kumrudisha mume. Akishapewa dawa, sauti inahamia tena kwa mume. Mume amekwisha pia kuanza kumwita Bertha. Jina na usimulizi vinamtoka mkononi kwa pamoja.

Hata hivyo Rhys hakumfanya mwanamume huyu jini. Ni mtoto wa pili wa baba aliyemtuma ng'ambo kuoa fedha, amefika na homa, na barua anazomtungia baba kichwani zina uchungu wa mwana asiyependwa. Naye pia yumo katika pembetatu ya utotoni, baina ya baba na kaka atakayerithi. Maumivu haya yanafanana na ya mkewe, lakini hawezi kuyaona kwa mwenzake. Anapolala na Amélie, mtumishi wa nyumba, katika chumba kinachotenganishwa na cha mkewe kwa ukuta mwembamba tu, tukio zima tunalipata kutoka upande wake. Alichokisikia Antoinette upande wa pili hakiandikwi. Msomaji analazimika kukisikiliza mwenyewe, na ukimya huo unaumiza kuliko kilio chochote ambacho mwandishi angekiandika.

Mbinu iliyo kali zaidi iko katika mabishano ya mume na Christophine. Mama huyu anasema, na maneno yake yanajirudia ndani ya mabano, yakipita katika kichwa cha mume wakati bado anasikiliza. Kwa mara ya kwanza usimulizi wake umeingiliwa na sauti asiyoweza kuizuia, na macho yetu yanaliona jambo hilo kwenye ukurasa kabla akili haijalitaja. Baada ya hapo Christophine anaondoka na harudi tena. Mhakiki Gayatri Chakravorty Spivak, katika makala yake maarufu ya mwaka 1985, alilishikilia jambo hilo: mwanamke mweusi aliyemshinda bwana kwa hoja anatolewa nje ya hadithi. Ni kweli, na nadhani inafaa kulihesabu kuwa ni mpaka wa huruma ya riwaya hii. Rhys alimfungulia mlango mwanamke mmoja, lakini mwingine akamwacha aende zake.

Jane mwenyewe, upande wa tatu wa pembetatu tunayoijua, karibu hayumo. Katika sehemu ya tatu anapita msichana mwenye gauni jeupe, asiyetajwa jina, anayeona vivuli tu na kukimbia. Mkutano wa kweli wa wanawake hawa wawili Rhys ameuhamishia kwenye vioo. Kwa Brontë, Jane mtoto anajiona kiooni katika chumba chekundu kama kiumbe kigeni, na usiku wa kuchanwa shela la harusi anauona uso wa Bertha ndani ya kioo. Rhys anajibu kioo kwa kioo. Usiku Coulibri inapochomwa, Tia, rafiki wa utotoni, anamrushia Antoinette jiwe. Damu iko kwenye uso wa mmoja na machozi kwenye uso wa mwingine, na Antoinette anahisi anajitazama mwenyewe. Darini hakuna kioo kabisa. Ndiyo maana katika ndoto ya mwisho anamwona mwanamke mwenye nywele zilizotapakaa ndani ya fremu ya dhahabu na kumdhania mzimu. Kukua, kwa Jane, ni kujitambua. Antoinette amekua mpaka akafika mahali ambapo uso wake mwenyewe umekuwa wa mtu mwingine.

Ndoto hiyo ni ya tatu. Ya kwanza aliiota utotoni, akiwa msituni na mtu anayemchukia nyuma yake. Ya pili aliiota shuleni kwa masista, habari za wageni kutoka Uingereza zilipomfikia, na msitu ukageuka bustani yenye ukuta na ngazi. Ya tatu inapanda ngazi hizo hadi juu, motoni, ambako anamwona Tia akimwita kutoka kidimbwi cha Coulibri, naye anaruka na kuamka. Moto na kuruka, vitu viwili ambavyo Brontë alivifanya matukio, Rhys amevimalizia ndani ya ndoto. Akiamka anachukua funguo na mshumaa, anaanza kutembea, na riwaya inakoma. Ule mstari wa asili tuliousubiri hauandikwi. Antoinette anayetembea pale ndiye anayesema “mimi”, anajua anakokwenda na kwa nini.

Wapo watakaosema huo ni ushindi mdogo, kwa kuwa nyumba itaungua vilevile. Naukataa mtazamo huo. Katika Jane Eyre, kifo cha Bertha ni kizuizi kilichoondolewa ili wapendanao waoane. Baada ya Rhys hakuna tena anayeweza kuisoma ndoa ya Jane na Rochester huko Ferndean bila kuuliza imelipiwa na nani. Kijana anayeandika hadithi ya shabiki leo, akihangaika kuchagua nani ashinde katika pembetatu yake, ana somo kubwa hapa. Kabla ya kuamua nani aolewe, aamue nani asimulie. Uamuzi huo wa fani ndio ulioifanya riwaya ya mwaka 1966 ibadilishe maana ya riwaya ya mwaka 1847, na hakuna mapenzi makubwa zaidi ambayo msomaji anaweza kukionyesha kitabu.