Santa Monica: kuifuata petroli hadi kwenye tangi

Mwaka 1996 mji wa Santa Monica, California, ulifunga visima vyake vya Charnock na Arcadia, ukapoteza karibu nusu ya maji yake. Maji yalikuwa yameingiwa na MTBE, kemikali iliyochanganywa kwenye petroli ili iungue vizuri. Charnock ilifikia mikrogramu 610 kwa lita, ilhali 20 hadi 40 tu zinatosha kuharibu ladha na harufu ya maji.

Petroli ilitoka kwa nani? Kuizunguka Charnock, ndani ya kilomita mbili hivi, palikuwa na sehemu takriban 30 za kushukiwa, nyingi zikiwa na matangi ya chini ya ardhi.

Uchunguzi wa namna hii huanza na makaratasi: ramani za zamani, vibali, picha za angani. Kisha hutobolewa mashimo, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Watu hukimbilia kitako cha tangi, wakasahau maungio ya mabomba na chini ya pampu, ambako mafuta huvuja vilevile. Kina nacho hupuuzwa. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo ikifika kwenye maji ya ardhini huelea. Maji yakipanda wakati wa mvua na kushuka kiangazi, huibeba juu na chini, nayo huupaka udongo wote wa katikati. Mita mbili za juu zaweza kuwa safi kabisa huku udongo wa mita kumi umelowa mafuta. Ripoti iliyoishia mita mbili haifai, hata ikiwa na muhuri wa maabara.

Sampuli yenyewe haistahimili uzembe. Benzini, kemikali iliyomo ndani ya petroli, hutoroka hewani upesi. Ndiyo maana udongo hutumbukizwa mara moja kwenye chupa yenye methanoli, ikafungwa na kuwekwa kwenye barafu. Mfuko ulioachwa wazi juani huupatia udongo mchafu cheti cha usafi, na cheti hicho ndicho atakachoonyeshwa anayenunua kiwanja.

Viongezwa vya petroli hutaja umri wake. Risasi huelekeza kwenye petroli ya zamani (kwetu, kusini mwa Sahara, iliachwa mwanzoni mwa 2006). MTBE ilianza kutumika Marekani mwaka 1979, kwa hiyo tangi lililoachwa kabla ya hapo halihusiki nayo. Lakini MTBE haikai: benzini hushikwa kiasi na udongo na kuliwa na bakteria, MTBE hukimbia na maji. Kutoiona chini ya kituo hakumwondolei mwenye kituo lawama.

Mwelekeo wa maji hupimwa kwa visima visivyopungua vitatu, visivyo kwenye mstari mmoja. Ila visima vya mji vikivuta kwa nguvu huyageuzia maji kwao, na pampu zikizimwa mkondo hubadilika. Vipimo vilivyochukuliwa baada ya kufunga visima havielezi peke yake petroli ilikuwa ikielekea wapi miaka ya nyuma. Kwa hiyo daftari la pampu, lini zilivuta na kiasi gani, lina uzito uleule wa sampuli ya udongo.