Mlango wa Bluu, Boneti ya Kijani

Mashabiki wa magari ya zamani wana neno wanaloliabudu: orijino. Kwa wanaofufua yale magari ya Kimarekani ya miaka ya 60, Mustang na wenzake wa V8, orijino ni hesabu. Namba ya injini, ya gia boksi na ya bodi, zote ziwe zilitoka kiwandani pamoja. Zikilingana, bei inapanda. Zisipolingana, basi hicho ni kiraka, si gari.

Mimi nalipinga wazo hilo, na shahidi wangu ni Land Rover moja ya Garsen ambayo haijawahi kukaribishwa kwenye maonyesho yoyote. Isome kama unavyosoma kitabu. Taa zake za mbele zimekaa ndani, karibu na grili, kwa hivyo uso ni wa kabla ya mwisho wa miaka ya 60, taa zilipohamishiwa kwenye madigadi. Ukifungua mlango, dashibodi imekaa mbele ya dereva, si katikati, kwa hivyo hiyo ni ya Series III, ya kuanzia 1971. Boneti ni ya kijani. Mlango mmoja ni wa bluu, mwingine krimu. Gari moja, enzi mbili, wamiliki wa zamani wasiopungua watatu.

Hiyo si ajali. Land Rover ilipozaliwa 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo bodi ikatengenezwa kwa alumini na kufungwa kwa bolti. Legeza bolti, toa mlango, weka wa marehemu mwingine. Viraka vilikuwa ndani ya muundo tangu siku ya kwanza. Kule Matondoni, Lamu, hakuna anayeuliza kama ubao wa jahazi ni orijino. Anauliza kama linavuja. Usione vyaelea, vimeundwa.

Lakini wacha nigombane na upande wa pili pia, wetu sisi watu wa mjini. Tunapiga picha ya ule mlango wa bluu, tunaweka filta, tunaandika eti huu ndio ubunifu wetu. Sifa hiyo ni ya uvivu. Ule mlango haukuchaguliwa kwa sababu bluu inapendeza na kijani. Ulichaguliwa kwa sababu ndio uliopatikana. Tukiuita sanaa bila kutaja bei ya spea na umbali wa kuzifuata, tunamgeuza fundi kuwa pambo la simu zetu.

Zaidi ya hapo, tunatazama mahali pasipofaa. Bodi ya alumini haishiki kutu kama chuma. Chesisi ndiyo ya chuma, na ndani ni tupu kama boksi. Matope ya delta ya Tana yanaingia humo, yanakaa na unyevu wake, na chuma kinaoza kutoka ndani huku nje kukiwa safi. Kwa hivyo rangi tano za bodi hazikuambii chochote kuhusu usalama. Hata rangi moja inayong'aa haikuambii. Bati jembamba likichomelewa juu ya chesisi iliyooza, kisha likapakwa lami nyeusi, hicho ndicho kiraka cha kuogopa, na hakionekani kwenye picha.

Historia ya Safari Rally inatusaidia hapa. Mwaka 1964 Mercury walileta Comet zao za V8, na mbili tu zikafika mwisho, nafasi ya 18 na ya 21. Mwaka uliofuata Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 ya mtumba. Gari lililokwisha kutumika na wengine, likaandaliwa upya na watu waliozijua barabara zetu, lilifika kabla ya kila mtu.

Ndiyo maana kipimo changu cha ukarabati si kulingana. Ni uaminifu. Kiraka kizuri kinakuonyesha kilipoanzia na kilipoishia, ili fundi anayefuata ajue pa kushika. Kiraka kibaya kinaigiza kwamba hakijawahi kuwepo. Na hii si hoja ya urembo tu. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yalikata barabara ya Garsen kwenda Lamu. Kwenye njia kama hiyo, abiria aliyebanwa nyuma na mzigo wake hana faida na namba zinazolingana. Anahitaji chesisi isiyodanganya.

Mlango wa bluu ni mkweli: unasema wazi kwamba ulitoka kwingine. Gari la rangi moja nitalisifu pia, bora kwanza niruhusiwe kulala chini yake na tochi.