Kimya Kilichopunguzwa: Santuri ya King Crimson katika Toleo Jipya

Kazi ya sanaa inapotolewa upya, mhakiki hana budi kuuliza: je, tumerudishiwa kazi ileile, au tumepewa nyingine iliyovaa jina lake? Walimu wa fasihi hulikuta swali hili kila walinganishapo matoleo mawili ya utenzi mmoja. Lazuka pia katika santuri ya kundi la Waingereza, King Crimson, iitwayo In the Court of the Crimson King.

Santuri hii ilitoka Oktoba 1969, ikiwa na nyimbo tano tu. Peter Sinfield alitunga maneno. Robert Fripp alipiga gitaa. Greg Lake aliimba na kupiga besi. Michael Giles alipiga ngoma. Naye Ian McDonald, pamoja na saksafoni na filimbi, alipiga melotroni, yaani kinanda kinachotoa sauti za fidla zilizonaswa katika kanda.

Mitambo waliyoitumia ilikuwa na njia nane tu za sauti, hata ikabidi sauti nyingi zisongamanishwe pamoja. Mwaka 2009 Steven Wilson, akishirikiana na Fripp, alizirudia kanda za awali na kuzichanganya upya. Kwa hili anastahili sifa: filimbi sasa yapumua, na ngoma za Giles zasikika kila pigo mahali pake.

Lakini wimbo wa nne, Moonchild, umepunguzwa. Ulikuwa wa dakika 12, na sehemu yake kubwa ni ala zikijibizana kwa sauti ya chini bila lahani maalumu. Wengi waliiona sehemu hiyo kuwa inachosha. Toleo jipya limekata kama dakika tatu. Ni kweli kwamba wimbo kamili umewekwa mwishoni kama nyongeza. Hata hivyo, hapo hauna kazi. Kimya kile kiliwekwa kabla ya wimbo wa mwisho ili ngoma zake zitushtue, kama vile mtambaji wa hadithi anyamazavyo kabla ya kulitaja jina la zimwi. Anayekipunguza kimya hupunguza na mshtuko wenyewe.

Basi, mwalimu, sikiliza toleo jipya upate uwazi wa sauti. Kisha usikilize la kale upate umbo la kazi. Mhariri mwema husafisha kioo, wala haigusi sura iliyomo.