Jicho la Nondo, Bega la Silikoni

Mwanafunzi wa fasihi, awe Kibaha Sekondari au Minaki kule Kisarawe, hufundishwa kuipasua kazi vipande viwili: fani huku, maudhui kule. Ninacho kitu kinachokataa kupasuliwa hivyo, nacho si shairi. Ni lenzi.

Ilikuwa ndani ya ACTPol, kamera iliyofungwa mwaka 2013 kwenye Atacama Cosmology Telescope huko Chile, darubini iliyopima mikrowevu kongwe kuliko nyota zote. Lenzi yenyewe ni ya silikoni, na silikoni laini ina kasoro kubwa: karibu asilimia 30 ya mawimbi yanayogonga uso wake hurudi yalikotoka. Kioo cha kawaida hurudisha 4 hivi, na bado tunalalamika. Miwani yangu niliyoinunua Maili Moja imepakwa utando kwa ajili ya hizo 4. Niiinamishe kwenye taa, inang'aa zambarau. Zambarau ile ndiyo udhaifu wa utando wa tabaka moja. Unene wake umekatwa kwa robo ya wimbi la rangi moja, basi rangi hiyo inatulia, za pembezoni zinaponyoka.

Waundaji wa lenzi hawakupaka kitu. Utando wa plastiki husinyaa zaidi kuliko silikoni, na kwa kuwa ndani ya kamera baridi hukaribia sifuri halisi, ungeweza kubanduka. Wakachukua msumeno mwembamba, wakachanja uso mitaro ya kwenda na ya kukatiza, mipana kwanza, kisha myembamba ndani ya ile mipana. Vikabaki viguzo vya mraba, kutoka kimoja hadi kingine haifiki nusu milimita. Kitazame kimoja: kichwa chembamba, bega, kitako kipana. Wimbi la milimita 2 ni kubwa mno kukitambua kiguzo. Linachokutana nacho ni mchanganyiko: juu uwazi mwingi na silikoni kidogo, chini silikoni imezidi. Hakuna ukuta wa kugonga. Linashuka ngazi, likija kushtuka liko ndani. Hapakuongezwa hata chembe. Kilichobadilika ni umbo peke yake.

Umbo hilo Kisarawe lipo siku zote. Mvua ikikatika, nondo wa msitu wa Kazimzumbwi huja kwenye balbu (nondo mdudu, si wa zege). Jicho la nondo wengi limefunikwa vinundu vya nanomita 200 hivi, vidogo kuliko wimbi la mwanga, ili mwanga haba wa usiku usipotee na ndege wa mchana asione mmeto. Miaka ya 1960 mtafiti Bernhard na wenzake walivieleza vinundu hivyo. Kuthibitisha, walitengeneza mfano mkubwa wakaupima kwa mikrowevu. Yaani jicho la mdudu lilipita kwenye mikrowevu miongo kadhaa kabla ya lenzi ile.

Nikilazimishwa kuhukumu, nampa nondo ushindi. Kinundu chake hupungua taratibu, hakina bega. Msumeno unajua pembe mraba tu, na kila bega ni mahali wimbi linajikwaa kidogo; lenzi zilizofuata ziliongezwa ngazi ya tatu.

Juzi nilimkuta nondo mmoja ametua kwenye wavu wa dirisha, nikamsogezea kioo cha kukuzia. Vinundu sikuviona. Niliona weusi mtupu, na balbu iliyokuwa juu yake haikuwamo.