Mchikichi Upande wa Pili

Mzee aliishika ile faranga kwa vidole viwili, akaigeuza, na hakurudi tena kwenye upande wenye kichwa cha mfalme. Amepanda michikichi ya Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu ujana wake, na kwenye mikunjo ya viganja vyake kuna wekundu wa mawese usiotoka kwa sabuni. "Mchikichi huu," akasema. "Si mnazi, mwanangu. Mnazi ungekuwa mwembamba, tena umeinama."

Sijawahi kusikia sifa kubwa kuliko hiyo kwa mchongaji wa sarafu.

Ni faranga moja ya Kongo ya Ubelgiji, ya shaba na nikeli, katika zile zilizopigwa kati ya mwaka 1920 na 1930. Nyingine ziliandikwa Kifaransa, nyingine Kiflemi. Wabelgiji walipoitwaa Urundi, Burundi ya leo, mwaka 1916, pesa hizo za Kongo zilivuka ziwa na kuiondoa rupia ya Mjerumani, na ndizo walizolipwa babu zetu kwa debe la mawese.

Mfalme aliye upande wa kwanza ni Albert wa Kwanza. Babu yake, Leopold, alizaliwa Coburg mwaka 1790 katika ukoo wa maduki, watawala wa nchi ndogo ya Kijerumani, akafanywa mfalme wa Ubelgiji mwaka 1831. Ukoo huo, ulioitwa baadaye Saxe-Coburg na Gotha, ulioa na kuozesha mpaka damu yake ikafika Uingereza, Ureno na Bulgaria. Duki wake wa mwisho alivuliwa madaraka Novemba 1918, kwa hiyo faranga hii ilipigwa wakati kiti cha Coburg kiko tupu. Wakusanyaji wa Ulaya hugombea fedha za maduki hao minadani. Mimi naona tawi la ukoo huo lililofika mbali kabisa limelala hapa, kwenye vikopo vya mabibi wa mwambao wa Tanganyika.

Lakini ukoo si kazi ya mikono. Kilichonifanya niipende sarafu ni namna inavyozaliwa. Mchongaji huanza na umbo kubwa kama sahani, la udongo au plasta, ambalo macho na vidole vinaweza kulizunguka. Likishakamilika na kupatiwa nakala ngumu, huwekwa kwenye mashine ya kupunguza: sindano upande mmoja inapapasa umbo, polepole, mzunguko kwa mzunguko, na upande wa pili kekee ndogo inakata yaleyale kwenye chuma, madogo kama kucha. Kisha chuma hicho huzaa muhuri ambao kila kitu chake kimegeuka. Palipoinuka pamebonyea, na maneno yanasomeka kinyume. Muhuri huchomwa na kupozwa upate ugumu, na kipande kitupu cha madini kikiwekwa katikati ya mihuri miwili, pigo moja la mtambo linatosha.

Fikiria sasa jani la mchikichi. Lina vijani vingi visivyohesabika, na mtu anayetaka kuvichonga vyote ataishia na fundo la uchafu. Anayechonga vichache mno atapata ufagio. Mchongaji wa faranga hii alijua pa kuachia, akaliacha jicho la mzee wa Rumonge limalizie mwenyewe. Huo ndio ufundi ninaousifu, kujua mstari upi usichongwe.

Ya kwangu imechakaa. Uso wa mfalme, kwa kuwa uliinuliwa juu zaidi, ndio uliosuguliwa kwanza na mifuko na viganja. Shavu limekuwa bapa na sikio limekwisha. Mchikichi bado unasomeka. Na mwaka 1952, faranga tano mpya zilipotoka zikiwa na jina la Ruanda-Urundi pamoja na la Kongo, hazikuwa na kichwa cha mfalme yeyote. Mchikichi ulikuwepo, na ukaendelea kuwepo kwenye zile nyepesi za alumini. Hela ya Mjerumani, senti ya rupia ile, nayo ilipata bahati yake: heller, iliyopata jina kutoka mji wa Hall, haipokelewi dukani popote, lakini Mrundi akitaja pesa anasema amahera.

Watu wengi wakipata sarafu ya zamani huisugua kwa ndimu na majivu ili ing'ae. Inauma kuona. Mikwaruzo ile haifutiki, na ngozi iliyojengwa na miaka mingi huondoka kwa dakika moja. Mzee naye alikwisha kushika pindo la shati lake, nikamzuia mkono kwa heshima.

Akanirudishia. Kidole gumba chake kilikuwa kimeacha duara jembamba la mawese juu ya mchikichi. Nimeifunga kwenye karatasi hivyohivyo.